Nusu ya Kabemba

Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mudogo yangu Godelieve,

Jambo kwako, jambo kwa mahindi yako, jambo pia kwa ile mbuzi dume yenye sura ya katekista wenu. Sisi huku tuko. Binti yangu Rachelle ananenepa na ananigombeza, hiyo njo afya yake. Mvua haiachi. Vumbi ya huku kwetu Kingamyambo imegeuka matope, na matope imeingia mpaka mu viatu vyangu vya kanisa, basi Mungu atanisamehe juma hili tena. Barua hii Mathieu wa lori njo anakuletea. Akikuambia amechelewa juu njia ni mubaya, usimwamini, eko na mwanamuke ku Tenke.

Sasa abari yenyewe. Nikuambie mi mwenyewe, mbele ya midomo ya bantu kukimbia kuliko lori: kaka yako ni mulevi wa tramadoli. Usipige alama ya musalaba sasa, ngojea nimalize. Ulijua nilikuwaka nameza kidonge juu ya maumivu ya mugongo, tangu siku kompani ya madini ilinirudisha nyumbani nikitembea kama kaa. Moja asubui. Kisha mbili. Tangu Kabemba yetu, mutoto yako, alifwa mu shimo ya madini, ule mwezi wa kwanza wa mwaka jana, nilifika kumi kwa siku. Basi mbele ya Noeli nikaanguka hapa mu kiwanja, nikatetemeka kama kuku ya kuchinjwa, macho nyeupe. Nasikia Rachelle alilia sana. Siku moja tu huyu mutoto amenililia, na mi sikuiona.

Munganga akasema: Muzee, ukianguka vile tena utaamkia kaburini kwa bankambo. Njo bakanipa dawa ingine, ya kufukuza tamaa ya tramadoli. Kidonge kidogo kama punje ya mutama. Hauimezi. Unaiweka chini ya ulimi, unafunga kinywa dakika kumi mpaka iyeyuke. Majuma mbili nilienda kuikamata kila siku ku santre ya afya, juu ya pikipiki, mugongo ikilia njia yote. Sasa bamenipatia ya kubeba nyumbani: bidonge ya juma muzima mu kisanduku cha chuma, na ufunguo Rachelle anauvaa mu shingo kama medali ya Bikira.

Bado haijaisha. Kila siku saa moja ya asubui telefone inalia. Ni Joyeuse, enfirmiye, muuguzi mwenye kunifuata, eko Lubumbashi, miaka makumi mbili na sita. Ninamuonyesha kidonge, ninamuonyesha ulimi, kisha anakaa kuniangalia dakika kumi nikiwa kimya. Wewe ulikula na mi sahani moja utoto muzima, unajua kama hakuna muntu alishaweza hiyo kazi ya kuninyamazisha. Yeye anaiweza, na anakunywa chai. Jana nilimwambia: "Mama Joyeuse, hata marehemu bibi yangu hakuniangalia hivi siku ya ndoa." Akajibu: "Tata Barnabé, fungua kinywa."

Nimemaliza. Sasa piga alama yako ya musalaba.

Kaka yako, mwenye ulimi ya serikali,
Barnabé


Lubudi, tarehe 3 mwezi wa tatu 2025

Yaya Barnabé,

Nakusalimia mu jina la Bwana, na Rachelle pia. Barua yako ilifika imelowa. Mahindi imesimama muzuri, ila nyani bameanza kuitembelea. Mama Domitille wa korale ya kanisa amepata wajukuu mapacha, tumemupelekea sabuni. Macho yangu inazidi kuwa mubaya. Kuandika naweza, nikifanya herufi kubwa. Kusoma mwandiko yako ya kuku siwezi. Basi njo katekista alinisomea. Alipofika ku ile mbuzi, alicheka kwanza, kisha akaacha.

Juu ya tramadoli sikugombezi. Mwenye anaonyesha ulimi kila asubui kwa mutoto wa bantu amekwisha kugombezwa. Kunywa hiyo dawa. Nina kaka moja tu.

Lakini na mi niko na abari. Mwaka moja imepita na mwezi, na mwili ya mutoto yangu iko bado chini ya udongo, juu bachimbaji walichimbua siku tatu, mvua ikawashinda. Siku ya matanga mumoja kati yao aliniambia kitu kwa sauti ya chini: "Mama, Kabemba alishuka akicheka." Nimebeba hilo neno mpaka leo, halinipi usingizi.

Yaya, wewe ulimulea tangu eko na miaka kumi na mbili, nilikuletea na sanduku yake na uniforme ya masomo. Unamujua. Kabemba aliogopa hata shimo ya choo. Alikuwa ananilomba nisimame mulangoni na kuimba, ajue kama niko. Ndani ya yale mashimo alikuwa hashuki, alikuwa anavuta kamba juu na kusafisha mawe. Nani alimupa roho ya kushuka ile siku? Na kucheka? Wewe njo ulikuwa naye nyumbani. Alikula nini ile asubui?

Nijibu hiyo.

Mudogo yako,
Godelieve


Kolwezi, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Mudogo yangu Godelieve,

Salamu kwako na kwa katekista, mwenye anasoma hii sasa na miwani ku pua. Tata katekista, ile mbuzi ni muzuri, sikusema ubaya. Hapa umeme unakuja kama mugeni, anakaa kidogo anaenda. Rachelle amenunua kuku mbili, moja imepotea, jirani ananuka supu.

Alikula nini? Alikula ugali yetu, bukari ya jana, na majani ya sombe, kama bantu bote. Kisha akakunywa maji. Basi.

Ngoja nikuambie kitu ya telefone. Ukiongea na muntu mu kioo ya telefone, sura yako mwenyewe inakaa ku kona, kidogo kama stempu ya barua. Dakika kumi sina kazi, siwezi kusema, basi najiangalia. Muzee mubaya, ndevu kama nyasi kavu za Ogosti. Juma la pili nikaona nyuma ya bega yangu kuna muntu. Taa ku kichwa, udongo mpaka ku nyusi. Nikageuka: ukuta na koti yangu ku musumari. Nikarudisha macho ku kioo: eko pale. Joyeuse anasema, "Tata, usitikise kichwa."

Godelieve, ni Kabemba. Anakuja ile saa tu, saa moja ya asubui, jua iko nje, bantu banafagia. Haogopeshi. Anatetemeka. Anapiga miayo, pua inatoka maji, anakuna mikono. Mi naijua ile kutetemeka, ni ya muntu mwenye amekosa kidonge. Na midomo yake inasema neno moja: "Mujomba, nipe."

Siku ingine mbele ya kuanza nikamuuliza Joyeuse: "Mugonjwa mwenye hawezi kujionyesha ku telefone, munamwandikisha?" Akasema hapana, kila mugonjwa lazima uso yake ionekane. Nikasema uso inaonekana, ni mwili njo shida. Akasema, "Tata Barnabé, leo umelala?"

Unakumbuka mama yetu. Mbele ya kula, alikata kipande ya kwanza ya bukari, akaiweka pembeni ku sahani ndogo kwa bale balitangulia, na hakuna mutoto aliigusa. Na mi nimefanya vile tulifundishwa. Chini kule hakuna farmasi.

Usiniulize mengi. Na wale nyani wa mahindi, ubanyonge.

Barnabé


Lubudi, tarehe 12 mwezi wa tano 2025

Yaya Barnabé,

Nimechelewa, si juu ya Mathieu. Nilikaa na barua yako. Tumevuna, nyani bamekamata yao, magunia iko ndani. Mapacha wa binti ya Mama Domitille, mumoja amekufwa, tumeimba.

Nilikuuliza swali moja, ukaniandikia kuku, umeme na stempu. Sasa nina maswali tatu.

Ya kwanza: kitu gani unamuwekea mutoto yangu pembeni? Hautaji bukari.

Ya pili: anatetemeka juu ya nini? Kabemba hakukunywa hata pombe laini ya munkoyo. Muntu hatetemeki juu ya kitu hakuonja.

Ya tatu ni ile ile.

Na tena nikuambie, juu sikutaka kuandika hii lakini mukono imeandika: kama mutoto eko na njaa, anakwenda kwa mama yake. Tangu alikufwa ninaacha mulango wa jikoni wazi. Ninaimba nikipika, ajue kama niko. Hajakuja hata mara moja. Kwako anakuja kila siku. Kwa nini anakulomba wewe?

Godelieve


Kolwezi, tarehe 25 mwezi wa tano 2025

Mudogo yangu,

Salamu. Baridi imeanza. Mikono haiandiki muzuri, utanisamehe, au katekista atanisamehe.

Mbele sijajibu, bamenikamata. Rachelle alikuwa anafagia, akatoa picha ya Kabemba yenye kusimama juu ya kabati, nyuma yake akakuta sahani ya mama yetu. Ndani mulikuwa nusu-nusu ya bidonge, nyingi, zimepata vumbi. Alikaa chini na ile sahani mu mapaja. Hakunigombeza. Hiyo njo iliniogopesha.

Ni hivi. Mbele Joyeuse hajaita, navunja kidonge na ukucha ya kidole kubwa. Nusu naificha mu kiganja, nusu naonyesha ku telefone, ku kioo haionekani tofauti. Dakika kumi nanyamaza kama mutakatifu. Akisha kuaga, naweka nusu ya Kabemba ku sahani. Na ile kutetemeka kwake inapunguka. Nakuapia, inapunguka. Ila yangu njo inaongezeka. Munganga aliona jasho na miayo, akaongeza dawa. Na mi nikaongeza nusu ya Kabemba, juu ukigawa unagawa sawasawa. Mwezi uliopita nikarudi ku kibanda ya tramadoli. Mara mbili. Tatu.

Rachelle aliita Joyeuse yeye mwenyewe na akamuonyesha sahani ku telefone. Joyeuse aliacha chai. Akauliza: "Tata, ni juu ya nini?" Nikasema ni desturi yetu, wafu banakula mbele. Akasema, "Tata Barnabé, dawa si bukari. Ukigawa nusu, hakuna mwenye anapona."

Munganga amesema hivi: kisanduku kitarudi ku santre, niende kila siku tena na pikipiki. Mugongo yangu haiwezi, juma moja nitaacha, na nikiacha tunajua mu kiwanja gani nitalala. Joyeuse amenilombea. Bamenipa nafasi mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Rachelle sasa anasimama karibu, anaweka kidonge yeye mwenyewe chini ya ulimi yangu kama padri.

Lakini juzi nilikitoa tena alipogeuka kuangalia maji ku moto. Siwezi kumunyima, Godelieve. Ungemuona.

Maswali yako nimeyasoma. Leo nimechoka.

Barnabé


Lubudi, tarehe 8 mwezi wa sita 2025

Yaya,

Sikuuliza juu ya mugongo.

Alikula nini?

G.


Kolwezi, tarehe 29 mwezi wa sita 2025

Godelieve,

Hii usimupe katekista. Usimupe muntu. Nimeandika herufi kubwa, kama zako, inajaza karatasi sita. Nimemulomba Mathieu aiweke mu mukono yako na si ya muntu mwingine, nimemutisha na abari ya Tenke.

Sina salamu leo.

Ile asubui alikuwa ameketi ku mulango, viatu haijafungwa. Mwenzake wa kushuka aligonjwa, na wale wengine balimwambia: wewe unavuta kamba yetu tangu mwaka, leo ni zamu yako, ao utafute kundi ingine. Alikuwa na uso ya majivu. Akaniambia, "Mujomba, sitaweza. Nikifika chini nitalia, batanicheka." Mi nilikuwa najitengenezea chai. Nilikuwa nimekwisha kumeza yangu, dunia ilikuwa laini. Na nikacheka, Godelieve. Nilimuchekesha kama vile ninachekesha bote. Nikamwambia, mujomba yako alishuka mu mashimo makubwa kuliko hiyo na musimamizi wa kazi akinigombeza kule juu. Nikasema, woga ni ugonjwa ya mugongo tu, dawa eko nayo huyu muzee.

Nikafungua mukono yake na nikaweka mbili.

Akauliza, "Mbili?" Nikasema, moja ya kushuka, moja ya kupanda.

Alimeza zote mbele yangu, na chai yangu. Tulikaa kidogo. Kisha uso yake ikafunguka, akafunga viatu, akaanza kunichekelea: "Mujomba, hata wewe unaonekana kijana leo." Alitoka akiimba. Bale bachimbaji balisema wakati udongo ulianza kushuka, bengine balisikia mawe na balikimbia. Yeye hakusikia. Ao alisikia na hakuona kama ni kitu ya kuogopa. Woga ile ulimuimbia ku mulango wa choo, ingalimuokoa. Mi njo niliiondoa.

Njo maana anakuja kwangu. Kwako hakuna kitu anadai. Kwangu anadai ya kupanda.

Sikukuambia mu matanga juu ulinishika mukono na ukasema, "Ulimulea muzuri." Ningesema nini? Nilienda nyuma ya nyumba nikameza bidonge ine.

Rachelle anajua sasa, amekaa karibu, nimemusomea. Joyeuse hajui. Leo asubui alisema napata afya kidogo, nimecheka sana mu tumbo. Mpaka leo, siku ya kukuandikia, nikipata nafasi ninagawa. Ukitaka nisikuandikie tena, usijibu. Nitaelewa, hata mi nina mahali kidogo ya kuelewa.

Barnabé


Lubudi, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Yaya Barnabé,

Nakusalimia. Namusalimia Rachelle. Huku majani inaungua ku milima, moshi kila mahali. Tunalima tukingojea mvua.

Barua yako nilisoma mi mwenyewe. Siku ine, na kioo ya kukuza ya mwalimu, neno moja kisha napumzika. Nilipofika ku "mbili" nikarudisha ile kioo kwa mwalimu, nikasema nimemaliza. Kisha juma ingine nikaenda kuilomba tena.

Kisha sikufanya kitu. Sikuimba. Nilifunga mulango wa jikoni. Padri akaniuliza kama nimesamehe, nikamwambia, Padri, hiyo ni neno ya bantu benye wamepumzika. Mpaka leo sina jibu. Usinitafutie moja kati ya mistari hii, sijaiweka.

Lakini sikiliza. Nilitembea mpaka ku santre ya afya, kule rezo ya telefone inapatikana juu ya ukuta wa nyuma. Enfirmiye wa huku aliniitia Joyeuse. Ni mutoto muzuri, nilisikia chai yake. Nilimuuliza kama mwenye kuangalia kidonge lazima awe enfirmiye. Akasema anaweza kuwa ndugu, kama mugonjwa anakubali na munganga anaandika, na yeye mwenyewe anabakia ku laini kila siku ya kwanza ya juma. Nikamwambia mugonjwa amekubali. Munganga ameandika.

Basi kuanzia tarehe moja ya mwezi wa kesho, saa moja ya asubui, ni mi nitaita. Enfirmiye ananipa telefone yake na kiti. Macho yangu haioni mwandiko, lakini uso yako nitaiona, na kidonge Rachelle ataileta karibu sana na telefone, nzima, nihesabu pande zake.

Juu ya Kabemba: haumupi tena kitu. Usikate, usiweke pembeni, hata punje. Ni mutoto yangu. Kutetemeka kwake ni yangu, na akikosa kitu, mi njo nitamupa ama mi njo nitamunyima. Akija nyuma ya bega yako, usimuangalie wewe. Geuza telefone kidogo, nimuangalie mi. Mwaka moja na nusu sijamuona.

Ukikosa siku moja, sitakuandikia barua. Nitapanda lori ya Mathieu, na unajua nikiwa na hasira ninaimba njia yote.

Dakika kumi, Joyeuse ameniambia, kinywa imefungwa, hauruhusiwi neno. Ni muzuri. Wewe utanyamaza, mi nitasema. Nitakuelezea Kabemba, kidogo kidogo, kila asubui, miaka yake yote makumi mbili na saba. Nitaanza na siku alizaliwa. Wewe haukumbuki, ulikuwa umelewa na ulimuita jina ya muntu mwingine.

Weka kidonge chini ya ulimi, Yaya.

Godelieve